Marinda Matatu ya Kushoto

Antwerp, 3 Novemba 1586

Dada yangu Tanneken,

Salamu zikukute mzima, wewe na shemeji Ambrose, pamoja na yule mbuzi wenu ambaye katika barua yako ya mwisho alipewa ukurasa mzima na mimi nikapewa mistari miwili. Huku tu wazima. Lijsken mke wangu ana mimba ya tano na hasira za zote nne zilizopita. Mama mkwe bado yuko nasi na bado anasema atarudi kwake wiki ijayo. Paa la nyumba ya marehemu Mama linavuja palepale lilipovuja tukiwa wadogo, na ndoo ni ileile.

Sasa nifike kwenye shida yangu. Hiyo nyumba ya Mama inaweza kututoka.

Unakumbuka mji huu ulipokuwa mikononi mwa Waprotestanti, nilichora kibao cha kilabu cha pombe, kardinali amempanda nguruwe. Nilichora kwa sababu mwenye kilabu aliagiza kardinali na nguruwe, na mimi nilikuwa na rangi ya waridi nyingi. Leo mji umerudi kwa Wakatoliki, na sheria inasema asiye Mkatoliki wa kweli auze alichonacho aondoke. Mimi nimebatizwa, naungama, nafunga Ijumaa zote. Lakini kila nikimwomba Padre Lambrecht aniandikie cheti cha imani, ananiuliza habari za nguruwe. Bila cheti, katikati ya mwaka ujao nyumba inapigwa mnada, na mimi na Lijsken na watoto na mama mkwe tunashika njia. Hebu fikiria kutembea na mama mkwe mpaka Ujerumani.

Padre amenipa nafasi moja. Watawa wa mtaa wetu wanataka picha ya Malkia wa Uskoti, yule Mkatoliki ambaye Malkia wa Uingereza amemfungia huu mwaka wa kumi na tisa. Wanataka kumwombea huku wakimtazama, na wanataka sura yake mwenyewe. Hapo ndipo penye kazi. Mjini hapa kila karakana inauza Malkia wa Uskoti, na hakuna wawili wanaofanana. Jirani yangu Pauwels anaye mwenye nywele nyekundu ambaye mwaka juzi alikuwa mke wa mfanyabiashara wa jibini. Pauwels alimwongezea shela na rozari, akamwondolea jibini. Wengine wananakiliana tu. Karatasi yenye sura inatobolewa kwa sindano, unapitisha vumbi la makaa juu yake, sura inahamia kwenye ubao. Aliyemwona malkia mwanzo kabisa ni nani, hakuna anayejua.

Na watawa wanaye mwamuzi. Ni Bibi Grizel, mama mzee wa Kiskoti aliyemvisha malkia miaka tisa humo kifungoni kabla hajafukuzwa. Ameshaletewa picha saba. Zote amezisogelea na kuuliza, "Na huyu ni nani?"

Dada, nimesikia kwa wauza vitambaa kwamba malkia amehamishiwa kwenye kasri lililo kijijini kwenu, na kwamba kola zake za marinda anazifua na kuzitia wanga mwanamke wa Antwerp. Huyo ni nani kama si wewe? Basi umemwona. Niandikie sura yake yote. Picha itaonyeshwa siku ya Pasaka, na cheti ni siku hiyohiyo au basi.

Ndugu yako,
Gillis


Kijijini, 29 Novemba, kwa hesabu ya Waingereza

Gillis mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa, imesomwa na kudondoshewa mchuzi. Kwa hiyo kwanza namsalimu bwana afisa wa kasri anayezisoma barua zetu kabla yetu. Habari za kazi, bwana. Ukimaliza hii, lakiri uibandike taratibu, mara iliyopita uliibandika katikati ya maandishi.

Pili nakusalimu wewe, mjinga. Huku mtu yule hatajwi kwa cheo chake. Sisi tunamwita Bibi Mgeni, na hilo nalo tunalisema kwa sauti ndogo.

Ambrose yuko, ila jongo limemshika kidole gumba cha mguu na kila apitaye barabarani anaarifiwa. Mbuzi amezaa mapacha. Nimeanza na Ambrose ili usinune.

Kuhusu nguruwe, nilikwambia. Nilikwambia kabla hujaanza, nikakwambia ukiwa unachora, na nikarudi kukwambia rangi ikiwa haijakauka. Ulinijibu kwamba nguruwe ametoka vizuri.

Ndiyo, namfulia. Tangu alipoletwa, kila Jumatatu kikapu kinatoka kasrini na kila Alhamisi kinarudi. Nchi hii kabla ya wanawake wa kwetu kuja haikujua kutia wanga. Kola zao zilikuwa zimeanguka kama masikio ya mbwa. Kwa hiyo hata hao wanaomfunga hawawezi kuniacha. Lakini hawaniamini. Wanahofu nitaficha barua ndani ya marinda. Nikipeleka kola imesimama safi, walinzi wanachomeka vidole katika kila rinda, na marinda ni mia na kumi, halafu wananirudishia wakisema kola imelegea. Juzi mmoja aliinusa. Nikamwambia barua hazina harufu. Akasema ametumwa tu.

Ulitaka habari za Bibi Mgeni. Sikiliza. Kola yake si pana kama za vijana, upana wake ni kiganja changu. Kitambaa ni kile chembamba cha kwetu, pindo lina lesi nyembamba ya meno madogo. Marinda yote yanatakiwa kusimama isipokuwa matatu ya kushoto, karibu na bega. Hayo nayalaza kwa pasi. Agizo lilikuja na kikapu cha kwanza. Bega lake la kushoto linamuuma kwa unyevu wa vyumba wanavyomfungia, na kitambaa chenye wanga kinamkwaruza akigeuza shingo. Kola zote za nchi hii zimesimama pande zote, yake imelala marinda matatu. Ningeijua hata nikiwa nimefumba macho.

Uso nitakuandikia. Si uso wa kueleza mtu akiwa na haraka.

Dada yako,
Tanneken


Antwerp, 12 Januari 1587

Dada Tanneken,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nyinyi Waingereza, mnaouanza mwaka Machi, nasikia bado mko wa zamani. Mama mkwe aliondoka Jumanne. Alirudi Jumatano, kwake kuna baridi. Watoto wana kikohozi, Lijsken ana tumbo kubwa, na ndoo imejaa mara mbili wiki hii.

Nilikuomba uso ukanipa shingo. Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta pua. Kwa kuwa sina kingine, nimeichora hiyo kola rinda kwa rinda, na yale matatu nimeyalaza. Nimechora shela, gauni jeusi, na mikono iliyoshika msalaba. Hapo juu ya kola ubao ni mtupu.

Padre Lambrecht alipita kukagua. Alikuta mwanamke amevaa vizuri kabisa na hana uso, akafanya ishara ya msalaba.

"Gillis, hii ni dhihaka nyingine?"

"Hapana, Padre. Uso uko njiani, unatoka Uingereza."

"Na yule nguruwe ulimtoa wapi? Maana yeye hakuchelewa."

Mama mkwe, ambaye hakuulizwa, alisema nguruwe alikuwa wa jirani.

Jambo jingine. Pembeni mwa barua yako pana mwandiko wa mtu mwingine: "Nimesoma. Hakuna baya. Kola yangu naisubiri wiki ya pili sasa." Nakufikishia kama nilivyoikuta.

Dada, maswali yangu ni machache. Pua ni ndefu au fupi? Macho ni ya rangi gani? Kidevu ni kimoja au viwili? Mtu anayemfulia mwenzake kila wiki hawezi kushindwa na pua. Jana karani wa mji alikuja kupima nyumba kwa kamba, akapima hata kile kizingiti ambacho Mama alikuwa akikaa kuparua samaki. Sikupenda alivyokikanyaga. Nakusihi, kabla ya Pasaka.

Gillis


Kijijini, 15 Februari

Gillis mdogo wangu,

Nakusalimu wewe na Lijsken na watoto. Ambrose ameanza kutembea bila fimbo. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa kwa baridi.

Bwana afisa, kola yako iko tayari tangu Ijumaa. Leo nakuomba usiniandikie maneno yako pembeni.

Jumanne ya wiki iliyopita kikapu kilikuja, na Jumanne si siku yake. Hakikuwa na nguo chafu. Kilikuwa na kola moja safi na agizo: iwe laini, isitiwe wanga hata tone, isiwekwe pini, iweze kuvuliwa kwa mkono mmoja. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili. Kola isiyo na wanga nimewahi kuombwa kwa ajili ya watoto wachanga na kwa ajili ya maiti. Niliisoma ile karatasi tena, nikakaa juu ya gunia la makaa. Nilijua kabla ya kijiji kizima, Gillis, na sikuwa na wa kumwambia. Ambrose angeanza kunieleza sheria.

Kitambaa kisicho na wanga hakina rinda la kusimama wala la kulala. Hata hivyo nilichukua pasi nikayalaza yale matatu ya kushoto. Nilijua hayatakaa hata saa moja. Niliyalaza.

Jumatano asubuhi walimkata kichwa, humo ukumbini. Malango yalifungwa, habari tulizipata kwa wapishi. Kisha wakachoma kila alichokuwa amevaa, asije akatokea mtu wa kukiokota na kukibusu. Moshi ulikuja mpaka kwenye kamba zangu, nikazifua nguo upya.

Kola zote hurudi. Zitarudi na mchuzi, zitarudi zimechanika, lakini hurudi. Alhamisi nilianika nguo nikaacha nafasi ya hiyo moja, kwa mazoea tu.

Nimelia, kama unataka kujua. Uso nitakuandikia nikitulia. Utakufikia kabla ya Pasaka, hilo nakuahidi.

Tanneken


Kijijini, 10 Aprili

Gillis mdogo wangu,

Pasaka ni siku sita zijazo, kwa hiyo usianze kulalamika. Salamu zote unazozijua zihesabu kama nimezisema, maana Ambrose ameshavaa kofia na anaipeleka barua hii mwenyewe kwa nahodha mmoja anayesafiri na upepo mzuri.

Haya, shika brashi. Uso ni mpana juu, unapungua ukishuka. Pua imenyooka, ila nchani imegeukia kulia kidogo. Macho ni ya kahawia, madogo, ya mtu anayekusubiri umalize kudanganya. Unyusi wa kushoto umeinuka kuliko wa kulia. Midomo ni myembamba na imefungwa, lakini kona moja inataka kucheka na anaizuia. Mashavu ni mekundu, yameunguzwa na upepo. Kidevu ni kimoja na nusu. Chini ya jicho la kulia pana chunjua dogo, na ole wako uliangalie sana.

Ndivyo alivyokuwa. Kila Alhamisi nilikuwa namwona. Nyumba ya Mama isipigwe mnada, Gillis. Nimefanya niliyoweza.

Tanneken


Antwerp, 8 Mei 1587

Dada Tanneken,

Kaa chini kwanza. Lijsken amejifungua msichana, Ijumaa Kuu, wote wazima. Mama mkwe amesema hawezi kuondoka sasa.

Pasaka yetu ilikuwa tarehe ishirini na tisa Machi. Barua yako ya kuwahi Pasaka imenifikia wiki tano baada ya sisi kumaliza mayai ya sikukuu. Papa aliporekebisha kalenda sisi tuliifuata, Waingereza wakaikataa kwa kuwa ni ya Papa. Tuko mbele yenu siku kumi, na Pasaka ya mwaka huu tumepishana wiki nne nzima. Mimi sikukwambia ni Pasaka ya nani, na wewe hukuuliza. Watoto wa mama mmoja.

Barua yako ya Februari ndiyo iliyonifikia kabla. Niliisoma peke yangu stoo. Pembeni afisa aliandika neno moja tu, "Nimesoma," na lakiri ilikuwa imebandikwa vizuri sana.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, ubao ulikuwa bado mtupu. Dada, uso wa mwanamke ambao mkono wangu unaujua bila karatasi ya kutoboa ni mmoja tu duniani. Nilimchora Mama. Usipige kelele. Chunjua nililiondoa. Mama mkwe aliingia, akauona ubao, akasema, "Nilijua atarudi tu," akatoka. Unajua walivyogombana miaka thelathini.

Nikaubeba kwa watawa, rangi mbichi. Padre Lambrecht alikuwepo na cheti mezani, hakijatiwa sahihi. Bibi Grizel haoni mbali. Aliusogelea ubao mpaka pua yake ikakaribia kupakwa rangi, akaanzia chini. Mikono, akaguna. Msalaba, akaguna. Akafika kwenye kola, akapitisha kidole juu ya marinda bila kuyagusa, na kidole kikasimama kushoto.

"Nani amekwambia habari za bega lake?"

"Dada yangu, Bibi. Alikuwa akimfulia."

"Haya matatu," akasema, "nilianza kuyalaza mimi. Majira ya baridi ya pili. Daktari alishindwa, mimi nikachukua pasi." Akalia, na mimi nikalia, kwa sababu zangu nyingi.

Padre akakohoa. "Na uso, Bibi Grizel? Uso ni wake?"

"Uso nyinyi mnautaka wa nini? Mimi nilisimama nyuma yake miaka tisa nikifunga pini."

"Bibi, watawa wanataka kujua."

Ndipo akainua macho. Akatazama muda mrefu, na Mama akamtazama pia, unavyomjua. "Hivi," akasema, "ndivyo alivyokuwa akinitazama kwenye kioo nikichelewa. Ni yeye." Padre akatia sahihi palepale. Nguruwe hakutajwa.

Basi Mama yuko kanisani kwa watawa, ana mishumaa sita. Yeye aliyekuwa akilala tangu injili mpaka baraka, sasa watawa thelathini wanampigia magoti kila asubuhi, naye anawatazama kama wamekuja kuomba apunguze bei ya samaki. Nimekwenda mara mbili. Mara zote nimejikuta nanyoosha shati.

Halafu barua yako ikafika. Nilimsomea Lijsken kwa sauti. Nilipofika kwenye unyusi, mama mkwe akasema, "Huyo ni mama yako, Barbele." Nilipofika kwenye chunjua akasema, "Huyo ni Barbele kabisa." Dada, mwanamke aliyefungiwa ndani miaka kumi na tisa, mashavu yake yameunguzwa na upepo gani?

Cheti ninacho. Paa linavuja na ni letu. Sikuulizi kwa ubaya, nakuuliza kama ndugu. Uliwahi kumwona?

Gillis


Kijijini, 30 Mei

Gillis mdogo wangu,

Mpe Lijsken hongera, na umwambie apumzike. Jina la mtoto hukuniandikia. Kama si Barbele, msiniandikie tena. Ambrose anawasalimu, jongo limehamia mguu wa pili. Pacha wa mbuzi aliyebaki amekula pindo la shati la mtu, tumemsamehe.

Sikumwona. Kikapu hupokelewa langoni. Siku moja tu, Desemba, nilimwona dirishani, amesimama amenipa mgongo, kola yangu iko shingoni kwake. Nilijua ni yeye kwa yale marinda matatu. Nikasimama kwenye theluji nikingoja ageuke, mpaka Ambrose akaja kunichukua. Hakugeuka.

Ningekwambia hivyo tangu mwanzo. Lakini ulitaja nyumba ya Mama, na kwa ajili ya nyumba ile naweza kudanganya hata maaskofu wawili kwa pamoja. Ahadi nikaitoa, uso sikuwa nao. Kila nilipokaa kuubuni ukanijia huohuo, kila siku huohuo, nikauandika. Nilipomaliza niliona nilichofanya. Nikampa Ambrose barua kabla sijabadili nia.

Usimwambie mtu, hasa Bibi Grizel. Na hilo chunjua nenda ukalirudishe, waambie watawa unarekebisha rangi. Mama bila chunjua atadhani tumemwonea haya.

Kasri liko kimya. Nimebaki na kola za walinzi, na mkono wangu umeharibika. Kila kola ninayoipiga pasi, nikifika kushoto, mkono unalaza marinda matatu kabla sijauzuia. Walinzi kumi na wawili wanapita kijijini na kola zilizolala upande mmoja, na mshonaji wa kanisani ameniuliza kama huo ndio mtindo mpya wa London. Bwana afisa, wewe unayesoma, najua na yako imetoka hivyo. Ilete Jumatatu niisimamishe, sitakudai kitu.

Dada yako,
Tanneken

(Pembeni, kwa mwandiko mwingine:)

Nimesoma. Yangu iache hivyo.